Pipa la Mama Lynnette

Gari langu ni Pijo 504, lile refu la kubebea familia, na naomba usinicheke kabla sijamaliza. Nililinunua kuukuu nikiwa kijana wa winchi bandarini, likanipeleka nyumbani Masii, kule Machakos, miaka nenda miaka rudi. Sasa limekaa mbele ya nyumba yangu hapa Port Reitz, Mombasa, na jirani yangu Jerioth huanika mashuka yake juu ya boneti bila hata kuniomba ruhusa. Nikimwuliza, anasema alidhani ni kitanda.

Tatizo ni kwamba niliapa. Miaka minne iliyopita mke wangu Mueni, Mama Lynnette, alirudi Masii kumtunza mama yangu aliyepooza. Nilimpeleka mwenyewe na Pijo. Siku ya kuagana nikamwambia, "Nikistaafu tu nakuja moja kwa moja, na nakuja na hili hili." Nilistaafu mwaka juzi. Desemba mbili zimepita. Ya kwanza lilichemka kabla sijafika Mazeras, nikarudishwa kwa kamba nyuma ya lori la saruji. Ya pili halikutoka hata getini.

Utasema, si upande basi kama watu wengine? Mueni mwenyewe amesema hivyo mara nyingi. Lakini tulipokuwa vijana, yeye akilea watoto Masii na mimi nikihangaika huku, kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikifika kwenye kona ya mto napiga honi mara tatu. Nikiegesha uani, chai iko mezani, inatoa moshi. Hakukuwa na simu siku hizo. Nilijua ameisikia honi, na niliringa kweli kweli: nina mke anayenisikia toka mbali. Hilo ndilo ninalolitamani mpaka kifua kinauma. Nipige honi pale konani, nikute chai. Nikiteremka kwenye basi na mfuko wangu kama mgeni, nani atanisikia?

Kwa hiyo nimelitengeneza. Nimebadilisha pampu ya maji, plagi, mipira yote. Kabureta ilitoka kwenye gari lililokufa mtaani Ziwa la Ng'ombe. Vipuri vyake halisi havipatikani tena, fundi hukuchongea kitu kwa tairi kuukuu na kukuambia kitafaa. Hufaa wiki moja. Rejeta imechomelewa mara tatu na bado inavuja.

Jumamosi iliyopita asubuhi nikamwita fundi mwingine, Tsofa, mtu mzima wa Kaloleni ambaye haongei sana. Alipiga magoti, akafungua rejeta, akakwangua ndani kwa bisibisi. Ncha ikatoka na ukoko mweupe. Akauonja. Sijawahi kuona fundi akionja gari.

"Mzee Kyalo," akasema taratibu, "watia maji gani humu?"

"Ya kisima," nikajibu. "Maji si ni maji?"

"Na kuliosha?"

"Hayo hayo. Kila Jumamosi ndoo nne, mpaka chini ya tumbo."

Akatema mate pembeni. "Hii ni chumvi, mzee wangu. Gari umeligeuza samaki wa ng'onda. Pwani hii, mtu hata baiskeli haioshi kwa maji ya kisima. Kwani hukuambiwa?"

Niliambiwa. Jerioth aliniambia mwaka ule wa kwanza baada ya Mueni kuondoka, nikadhani anataka kisima kiwe chake peke yake. Isitoshe, nilikozaliwa mama yangu alitembea nusu siku na mtungi mgongoni kutafuta maji ya kunywa. Ungeniua kabla sijayamwaga maji matamu juu ya gari. Niliona aibu, na nikiona aibu huwa mkali.

"Basi mbona halikuoza zamani?" nikamfokea. "Miaka kumi Mama Lynnette alikaa nami hapa hapa, na kisima ni hiki hiki, na yeye ndiye aliyekuwa akiliosha!"

Jerioth alikuwa kwenye kamba yake ya kuanikia, vibanio mdomoni. Akavitoa.

"Alikuwa akikinga maji ya mvua, mzee. Lile pipa la buluu chini ya paa. Lilikuwa la gari. Alitukataza sote kuligusa."

Mimi nilidhani pipa ni la kufulia. Wiki aliyoondoka nililikata katikati nikapandia sukumawiki.

Nikakaa kwenye kizingiti. Miaka kumi mwanamke huyu alikuwa akilinda gari langu kwa kila tone lililoanguka juu ya bati, na sikuwahi kumwuliza anatia nini. Nilimkumbuka kwa uchungu wakati ule kuliko siku zote nne za kumbukumbu ya ndoa nilizokaa peke yangu.

Tsofa akaingia chini ya gari, akadunga sakafu kwa bisibisi. Ikatokea upande wa pili bila kuuliza.

"Masii haliendi hili," akasema. "Litakukatikia Tsavo, ukae na wanyama."

"Laweza kuwaka?"

"Dakika tano. Si zaidi."

"Niwashie."

Nikaingia kwa mlango wa abiria, kwa kuwa wa dereva umeshikwa na kutu. Injini ikakohoa, ikanguruma. Nikampigia Mueni simu.

"Baba Lynnette, umeamkaje?"

"Salama. Nyamaza kidogo, usikilize."

Nikapiga honi mara tatu, ndefu, kama pale konani. Shuka la Jerioth likaanguka mchangani.

"Hiyo si Pijo?" Mueni akauliza.

"Ndiyo. Ni mara yake ya mwisho. Haliji tena, Mama Lynnette. Nimeliua mwenyewe kwa maji ya kisima." Nikamweleza yote, hata habari ya pipa na sukumawiki. Kisha nikasema lile lililonikaa rohoni: "Sasa nikija na basi, utanisikiaje unitelekee chai?"

Akacheka, kicheko chake kile cha chinichini.

"Honi yako sikuwahi kuisikia hata siku moja. Upepo wa hapa hupeleka sauti zote kule mtoni."

"Sasa ulikuwa ukijuaje?"

"Sikuwa nikijua. Mwisho wa mwezi nilikuwa nateleka chai tangu saa nane. Ikikaribia kukauka naongeza maji. Ikikaribia tena naongeza. Mpaka ufike."

Mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Injini ikatetemeka, ikazimika. Tsofa hakujaribu kuiwasha tena.

"Na siku hizi?" nikauliza.

"Siku hizi gani? Tangu ustaafu, kila mwisho wa mwezi sufuria iko motoni. Mama yako ananiambia namaliza kuni."

Nikakata simu. Nikatoka kwa mlango ule ule wa abiria, nikamwokotea Jerioth shuka lake, nikamwuliza basi la Machakos hupita Changamwe saa ngapi.