Daktari Hanioni Tena

Daktari Iregui alivua viatu, akaketi kwenye kiti cha mtambo, akaingiza uso ndani ya sanduku la kutazamia, na kuanzia hapo nilichobaki nacho kwake kilikuwa soksi. Siku ile zilikuwa za kijivu, moja imetoboka kisigino. Aliketi hatua nne kutoka kwenye meza, ametugeuzia mgongo, huku mikono minne ya roboti ikiwa imeingia tumboni mwa Bwana Misael Siabato kupitia matundu yasiyozidi upana wa kidole.

Mimi ndiye niliyesimama kando ya mgonjwa. Jina langu ni Ermelinda Chaparro. Nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya Bogotá kwa miaka ishirini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo nimefanya kazi na Iregui. Siku hizi kazi yangu ni kuivalisha vyombo mikono ya roboti, huu mkasi, ule kibanio, kadiri daktari anavyoagiza kwenye kipaza sauti.

Zamani vyombo nilimpa mkononi. Hapo ndipo ilipokuwa lugha yetu, ingawa nadhani ni mimi peke yangu niliyejua kuwa ni lugha. Alipoagiza mkasi mahali ambapo mkasi ulikuwa kosa, sikusema neno. Niliuweka kiganjani mwake, lakini sikuuachia upesi. Nusu pumzi tu. Naye aliinua macho, akatazama upya pale alipotaka kukata, kisha akaagiza kitu kingine kwa sauti ya mtu aliyebadili nia mwenyewe. Mimi nimelelewa Boyacá, na kwetu mtu huomba radhi hata anapokanyagwa yeye. Kumwambia daktari kuwa amekosea ni jambo ambalo mama yangu angeliweka fungu moja na kutukana kanisani. Basi ikawa funika kombe mwanaharamu apite: yeye alibaki na sifa, mgonjwa akabaki na uhai, nami nikabaki na kazi yangu.

Miezi minane iliyopita roboti ikaja. Haichoki, haitetemeki, sina ugomvi nayo. Lakini daktari hanioni tena, na kiganja changu kimekuwa bubu.

Bwana Misael alikuwa mkulima wa vitunguu kutoka Aquitania, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja. Saratani ya figo yake ya kulia ilikuwa imevuka mipaka. Ilikuwa imeota ulimi, na ulimi huo ulikuwa umepenya kwenye mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni, ukapanda kuelekea ini. Asubuhi, nilipokuwa namsukuma kwenye kitanda, aliniuliza kama ni kweli mashine ina mikono minne. Nikamwambia ndiyo.

"Jirani yangu anayo miwili, na palizi haimalizi," alisema. Kisha akaukamata mkono wa vazi langu. "Na wewe, dada, utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Basi uniangalie, tafadhali."

Mpango ulikuwa rahisi kuusema. Mshipa unazungushiwa mkanda juu ya ncha ya ule ulimi, mkanda unakazwa damu isipite, mshipa unapasuliwa, ulimi unatolewa mzima, kisha pale palipopasuliwa panashonwa. Lakini mkanda ukiibana saratani yenyewe badala ya kukaa juu yake, kipande hukatika, kikakimbilia kwenye mapafu, na mgonjwa hufia pale pale mezani.

Mkanda ulipokuwa umeshazungushwa, daktari alipitisha kipimo cha mawimbi ya sauti juu ya mshipa. Alikipitisha haraka, kama mtu anayekagua mlango anaojua ameufunga. Picha za wiki tatu nyuma zilikuwa zimemwonyesha ncha inakomea wapi, naye alishaamua tangu siku hiyo. Picha ya leo ilikaa kwenye skrini ya ukutani kwa pumzi mbili, kisha ikatoweka. Katika pumzi hizo mbili niliona kivuli cha ulimi kimepita mahali pa mkanda.

"Kibanio cha kukazia," akasema.

Nilikichukua, nikakisogeza karibu na mkono wa roboti, lakini sikukiingiza. Nikangoja. Halafu nikaona haya, kwa sababu nilikuwa nazungumza na soksi.

"Mashine imekwama?" aliuliza kutoka ndani ya sanduku.

"Hapana, Daktari. Naomba radhi. Nilikuwa nafikiri, kama hutojali, pengine tungeitazama ile picha mara moja tena, ukiona inafaa."

"Tumeshaitazama, Ermelinda. Kibanio, tafadhali."

Daktari wa nusukaputi alinitupia jicho juu ya barakoa, kisha akarudi kwenye vipimo vyake. Mkono wangu ulikuwa tayari unakipeleka kibanio, miaka yote ile ikiusukuma. Niliogopa. Sikumwogopa Iregui, ambaye hajawahi kunifokea. Niliogopa kusikia sauti yangu mwenyewe katika chumba kile.

"Simama," nilisema. "Saratani imepita mkanda. Ukikaza hapo utamuua."

Hapakuwa na "Daktari" katika maneno yale, wala radhi. Nilidhani atageuka. Hakugeuka. Alikirudisha kipimo, akakipitisha tena, safari hii polepole.

"Imepita vidole viwili," alisema hatimaye, wala si kwangu hasa. Kisha akaanza kulibandua ini ili apate nafasi ya kuupandisha mkanda.

Ilituchukua saa nne zaidi. Ulimi ulitoka mzima, figo ikafuata, na alasiri Bwana Misael alifumbua macho akaomba maji.

Iregui alinikuta kwenye chumba cha kahawa, nimeinyoosha miguu yangu juu ya kiti cha pili. Alijimiminia kikombe, asikinywe. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuomba radhi kwa namna nilivyosema, lakini aliniwahi.

"Miaka yote kabla ya mashine," alisema, "hukuwahi kunisimamisha."

"Nilikusimamisha mara nyingi, Daktari."

Nikamweleza habari ya nusu pumzi. Alisikiliza akiutazama mkono wake wa kulia, na niliona anawapitia akilini wagonjwa wake mmoja mmoja. Nilimhurumia. Nilitaraji aulize ilikuwa mara ngapi, na jibu la hapo nilikuwa nalo, jibu laini. Lakini Iregui si mjinga.

"Na miezi hii minane?"

Ningeweza kusema sijui. Hakuna ambaye angenilaumu.

"Mara mbili niliona kosa," nikasema, "nikanyamaza."

Alikiweka kikombe chini. "Nitajie."

Nikamtajia. Jina la kwanza ilibidi nilirudie. La pili alilijua kabla sijalimaliza, kwa sababu mjane wa mgonjwa huyo bado hutuletea mikate ya jibini kila Ijumaa, kutushukuru kwa jinsi tulivyojitahidi.