Sale la Eliakim

Kabla matanga ya mume wa Aikaeli hayajaanuliwa, shemeji yake Eliakim aling'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, akayapanda hatua kumi ndani ya shamba la mjane, kihamba alichoachiwa na mumewe. Kisha akachimba msingi wa nyumba papo hapo.

Aikaeli aliutazama msingi ule. Akatazama na magimbi yaliyojiotea kwa mstari kutoka juu mlimani mpaka pale, akajua yanafuata mfongo, ule mfereji wa mababu uliofukiwa zamani. Eliakim, aliyekulia mjini, aliona magugu tu. Aikaeli akafunga mdomo, akaendelea kukata majani ya ng'ombe.

Nyumba ikakamilika. Masika yalipokolea, maji yalirudi kwenye njia yake. Yaliingilia jikoni yakatokea sebuleni, sakafu ikachimbika, ukuta ukapasuka.

Eliakim akaja na tawi la sale mkononi, ombi la msamaha ambalo Mchagga hakatai.

"Shemeji, kumbe ulijua?"

"Tangu jembe la kwanza."

Akalipokea kwa mikono miwili. Akaenda nalo hadi sebuleni kwa Eliakim, akalichomeka katikati ya matope, akalishindilia kwa kisigino.

"Nimekusamehe," akasema. "Mpaka ulikuwa hapa."