Mabegi Sita

Adinani alikuwa amemaliza kukamua masega ya ndoo ya kwanza na kuanza ya pili mkewe alipomwita kutoka chumbani. Asali ilikuwa imefika asubuhi kutoka Usinge, bado na majani na nyuki wafu ndani yake, na ilibidi ichujwe mara mbili kabla ya kutiwa kwenye chupa.

"Baba Asmahani, njoo uone."

"Nina asali mpaka viwikoni, Tunu."

"Njoo na asali yako."

Binti yao, Asmahani, mwanafunzi wa darasa la tano, alikuwa amekaa kitandani na kanga mabegani. Tunu aliivuta upande. Bega la kulia lilikuwa na michubuko miwili, mmoja umeanza kukauka, mwingine mbichi.

"Nilitaka kumpaka mafuta ndiyo nikaona," Tunu alisema. "Mwambie baba yako ulivyoniambia mimi."

Asmahani aliangalia sakafu. "Ni mabegi."

"Mabegi gani?"

"Ya kina Recheli. Nayabeba kutoka shule mpaka njia panda. Leo nilikataa, wakajaza mawe kwenye begi langu, wakanivalisha, wakanikimbiza. Kesho siendi shule, baba. Hata mkinipiga, siendi."

Adinani alisimama mlangoni, mikono ameiinua ili asichafue pazia. Recheli alimjua vizuri. Alikuwa binti wa Chilongani, Mgogo mwenye mashine ya kusaga pale pale mtaani kwao Isevya, na Chilongani alikuwa mtani wake: Wagogo huwatania Wanyamwezi kama Adinani kwa kuwaita wapagazi, wabeba mizigo wa misafara ya zamani. Mama yake Adinani alipofariki, Chilongani ndiye aliyelizuia jeneza mlangoni na kudai kwamba bibi huyo amemwachia kuku wawili, hadi waliokuwa wakilia wakacheka. Adinani hakuwahi kuusahau wema ule.

"Si uliniambia mwezi uliopita kwamba Recheli anakuita mpagazi tu?" aliuliza.

"Na wewe ukasema ni mtani wangu, nimrudishie."

"Ulimrudishia?"

"Nilimwambia Mgogo njaa imemleta Tabora. Wakacheka. Halafu wakaongeza begi la tatu. Sasa yamefika sita. Nilimwambia Mwalimu Julieth, na yeye akacheka. Recheli alimwambia ni utani, hata wewe baba unajua."

Tunu alimtazama mumewe. Wote wawili walikuwa wanakumbuka siku ya Idi. Walikwenda kwa Chilongani kumpelekea pilau, na Chilongani akapiga kelele kwamba wapagazi wamefika, watwikwe mizigo. Adinani, kwa furaha ya sikukuu, alichukua kigunia cha pumba na kumtwika Asmahani kichwani, akamwambia azunguke nacho uwanja mzima. Watu walicheka sana. Recheli alikuwa anatembea nyuma yake akimhimiza kwa kijiti.

Adinani alinawa mikono mara mbili kwa maji ya moto, akafunika ndoo zote mbili, akatoka.

Mashine ilikuwa inanguruma. Akina mama watatu walikuwa kwenye foleni na ndoo zao za mahindi.

"Mpagazi!" Chilongani alipaza sauti, nyusi zake nyeupe kwa unga. "Leo umekuja kubeba mizigo ya nani?"

Jibu lilikuwepo tayari, la kila siku. Adinani hakulitoa.

"Zima mashine, tuongee."

"Nizime mashine kwa ajili ya mpagazi! Jamani mnasikia? Watu wa mizigo siku hizi wanatoa amri."

"Nina shida, Chilongani."

"Amekasirika!" Chilongani aliwageukia wateja. "Mtani akikasirika faini yake nini?"

"Jogoo!" mama mmoja alidakia.

"Tena mwekundu," akaongeza mwenzake.

"Jogoo nitamleta," Adinani alisema. "Zima."

Kicheko kilipungua. Mtu hakubali faini namna ile, bila kubishana hata kidogo. Chilongani alimtazama, akazima, akamfuata nje kwenye kivuli cha ukuta.

Adinani alimweleza taratibu, kuanzia begi la kwanza hadi mawe. Chilongani alisikiliza huku akijipangusa unga mikononi.

"Watoto wanataniana," alisema mwishoni.

"Na mimi nilisema hivyo hivyo, mwezi mzima."

"Sasa?"

"Recheli ana begi moja. Mabegi ni sita. Moja ni la mtoto wa Masele, Msukuma. Mawili ni ya watoto wa Kinyamwezi, jirani zangu kabisa. Hao ni watani wa nani?"

Mama mmoja alichungulia mlangoni kuuliza kama umeme umekatika. Chilongani akamwambia asubiri.

"Lakini siku ya Idi ni wewe uliyemtwika," alisema. "Wewe mwenyewe, mbele ya Recheli."

"Ni mimi."

"Basi usije hapa kama vile mwanangu ameyaokota barabarani."

"Sikuja hivyo. Nimekuja kwa sababu tuliomfundisha ni sisi wawili, mimi na wewe."

Chilongani alitema mate pembeni. "Nikamchape?"

"Usimchape. Akichapwa leo, kesho atakayelipa ni Asmahani. Nataka twende shule asubuhi, mimi na wewe. Recheli amemwambia mwalimu kwamba huu ni utani wetu. Nikiukana peke yangu ataona nimekasirika tu. Aukane na mtani."

"Kesho nina gunia kumi za seminari ya Kipalapala. Wanakuja kuzichukua saa nne."

"Sisi tutakwenda saa moja."

"Nitaona," Chilongani alisema, akarudi ndani. Mashine ikawaka tena.

Adinani alimkuta Asmahani jikoni na mama yake. Aliketi kwenye kigoda mbele yao.

"Baba yake Recheli atakuja?" Asmahani aliuliza.

"Amesema ataona. Asipokuja nitakwenda peke yangu. Siku ya Idi nilikosea kukutwika kile kigunia. Na uliponiambia, nilikosea tena."

Asmahani alichokonoa ukucha wake. Hakusema amesamehe, wala baba yake hakumuuliza.

"Mwalimu atacheka tena," alisema.

"Tumpelekee kitu cha kusoma. Nipe daftari tupu. Utaniambia siku moja moja, mimi nitaandika: siku gani, mabegi mangapi, ya nani, nani alikuwepo."

Walianza na Jumatatu shule zilipofunguliwa baada ya Pasaka. Adinani aliandika polepole kwa herufi kubwa. Kwanza Asmahani alijibu neno moja moja. Kisha akaanza kumsahihisha: hapana, siku hiyo Recheli hakuwepo, walikuwa wale wengine, hapana, hayo yalikuwa manne. Alimtaja msichana mmoja aliyemsaidia begi moja hadi kona, akasema naye aandikwe. Kuna jambo moja alimnong'oneza mama yake tu, na Tunu akamwambia Adinani aache mstari mtupu hapo.

Adhana ya Magharibi iliwakuta wamefika siku za mwanzoni mwa Mei katika daftari. Ndoo ya pili ilikuwa bado haijamalizwa, na wiki tatu nzima zilikuwa hazijaandikwa. Adinani aliinuka kwenda kutawadha, akaacha kalamu katikati ya daftari.

"Zilizobaki tutamalizia asubuhi," alisema.

"Basi mama aniamshe saa kumi na moja," Asmahani alisema. "Ni nyingi, na bado sijafua soksi za shule."