Mfereji wa Aluoch

Jumatatu jioni Zedekiah Oketch alienda kwenye ukumbi wa Kaloleni akiwa na beseni tupu. Lilikuwa darasa la kuigiza, la bure, na Winny, binti aliyelifundisha, alikuwa amesema kila mtu aje na kitu kimoja kinachohusu lile analolitaka maishani. Vijana walikuja na tai za mahojiano ya kazi. Mmoja alikuja na usukani.

"Na wewe, mzee wangu, unataka nini?" Winny akamuuliza.

"Maji," akasema Zedekiah. "Jumapili watu wa kanisa wanakuja kumwombea marehemu mke wangu. Aluoch hakuwahi kumpa mgeni chakula kabla hajanawa pale mferejini. Na mfereji umekauka tangu tuchague hawa wezi."

"Usilalamike, igiza. Jifanye unayo tayari. Kumbuka baridi yake, sauti yake, yalikuwa yanakurukia wapi. Mwili ukisadiki, mengine yatafuata."

Asubuhi yake Zedekiah aliinama mbele ya mfereji wa uani, akaweka beseni, akaanza kuosha sahani ambazo hazikuwepo. Alimkumbuka Aluoch akiosha dagaa wa omena na kumrushia maji makusudi kwenye suruali. Suruali ikalowa. Beseni likajaa.

"Baba Jackton!" jirani yake Nthoki akamwita kutoka dirishani. "Usiache kusugua hapo, naleta mitungi."

Ikawa hivyo wiki nzima. Zedekiah akiosha sahani za hewa, maji yanakuja. Akienda msalani, yanakatika, na foleni inamsubiri bila lawama. Nthoki alimlisha uji kwa kijiko ili mikono isisimame.

"Mama Jackton mwenyewe hukumwoshea hata kikombe," alimwambia. "Angekuona leo angekufa mara ya pili."

Zedekiah alicheka mpaka maji yakapungua.

Ijumaa kaunti ikamtuma fundi, jina lake Munyao. Alichimba chini ya mfereji kutafuta bomba, asilione. Lilikuwa limeng'olewa zamani, na mfereji ulikuwa umesimama kwenye udongo kama fimbo, ukitoa maji. Munyao akawapigia simu wakubwa, akasikiliza, kisha akafukia.

"Wamesema waliweka bomba jipya mwaka jana," akasema, akipangusa koleo. "Kwa hivyo liko."

Jumapili, wageni wa Aluoch wakiwa wamejaa uani na samaki wanaiva, mheshimiwa wa wadi akafika na mpiga picha na kibao cha jiwe, kuzindua mradi wa maji.

"Sogea kidogo, mzee," mpiga picha akamwambia Zedekiah.

"Nikisogea yatakatika."

"Sogea tu, baba, tuko na ratiba."

Zedekiah akasogea. Maji yakakatika. Mheshimiwa akaweka mikono chini ya mfereji mkavu, akaisugua, akaikung'uta, akatoa leso na kukausha kidole kimoja kimoja. Watu wake wakapiga makofi. Hata tone halikutoka.

"Mbona yeye hapati?" Nthoki akamnong'oneza Winny, aliyekuja pamoja na wageni. "Na ameigiza kumshinda mzee!"

"Ameigiza vizuri sana," Winny akasema. "Ila hana kiu."

"Mheshimiwa, na bomba je?" Zedekiah akauliza.

"Bomba la nini tena, na maji mnayo?" Mheshimiwa akampa mkono, akaingia garini, akafunga kioo.

Zedekiah akarudi akainama. Wageni wakapanga foleni, mchungaji mbele, wakanawa wote mpaka wa mwisho. Kisha wakamwombea Aluoch, wakala.

Kibao bado kipo. Watu wa Kaloleni wakienda kudai bomba, wanaambiwa wasiwe na tamaa. Zedekiah sasa ana maumivu ya mgongo, kwa hivyo anapokezana na Nthoki. Nthoki akiosha anaukumbuka mto wa kwao Makueni, na maji yake yanatoka na mchanga. Wanayachuja kwa leso.