Neno Moja Kwenye Billet

Mwaka elfu moja mia tisa sabini na sita, mtaa mzima wa Kadutu, Bukavu, ulimjua infirmier Philémon, muuguzi wa dispensari, kwa kuponya nyama inayooza. Kwa karatasi za serikali ya Zaïre aliitwa Citoyen Bahizire, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, lakini mgonjwa anayelia hana muda wa kufuata karatasi za serikali. Watu walisema akikikemea kidonda, kinajifunga chenyewe kama mdomo wa mtoto aliyechapwa. Philémon hakukanusha. Sifa ni blanketi. Nani analitupa Bukavu, mvua ikinyesha?

Siri ya sifa hiyo ilikuwa langoni.

Pale dispensari palikuwa na zamu mmoja, Théodore, mlinzi ambaye hata inzi alimdai karatasi. Mgonjwa hatoki bila billet, karatasi ya kutokea, na billet zilipigwa chapa zikiwa na neno moja tu chini: Guéri, yaani amepona. Nafasi ya neno jingine haikuwepo. Sasa, Mushi, mtu wa kabila la huku, akisikia kifo kinamkaribia, hataki kufia kitanda cha wengine. Anataka kufia kwake, azikwe migombani karibu na baba yake. Tena sharti aende angali anapumua, kwani madereva wa njia ya Walungu walikataa maiti. Walidai maiti inapasua pneu, matairi ya gari. Basi jamaa walimlilia Philémon, Philémon akatia sahihi, Théodore akafungua. Kisha Philémon alinakili zile billet kwenye rejista: guéri, guéri, guéri. Kati ya wagonjwa arobaini na watatu, waliopona arobaini na mmoja!

Ndipo akaja Docteur Kitoga, Mrega wa Mwenga. Alikuwa anakusanya rejista za ugonjwa huo, ule ambao leo mguu umevimba, kesho mweusi, keshokutwa matanga. Alitafuta matibabu yanayookoa wengi zaidi. Akaita infirmier watatu mezani: Philémon, Alphonse wa Kavumu, na Georgette wa Walungu. Georgette alikata nyama mbovu mapema, siku ileile. Philémon aliosha, akajaza sukari, akangoja. Katika wagonjwa ishirini wa Georgette, tisa hawakupona.

"Maman Georgette," docteur akasema, "kisu, uache kwanza. Utafuata namna ya Papa Philémon. Na Kavumu vilevile."

Georgette akamgeukia Philémon, macho chini. "Papa, unifundishe. Bale tisa banarudiaka mu ndoto yangu. Nilifikiri kukata mbio njo kunaokoa. Kumbe njo miye nilikuwa nabaua."

 Philémon alikumbuka wangapi walipita langoni kwa machela, inzi wakiwasindikiza. Akinyamaza, kuanzia kesho visu vitalala pande zote tatu, na watu wataoza wakingoja sukari.

"Docteur," akasema, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine, "rejista yangu iko bongo, ni uongo mutupu. Guéri yangu ni kupita mulango tu. Hata bale banaenda kufa, naandika guéri."

Alphonse alicheka hadi akashika meza. "Aa, tonton! Kumbe dawa yako iko Théodore!"

"Na weye, Alphonse," docteur akamuuliza, "guéri yako ni nini?"

"Eee... homa ikishuka."

"Hata mguu ukibaki mweusi?"

Alphonse akaacha kucheka.

"Miye naandikaka wakati kidonda kinafunga," Georgette akasema polepole.

Docteur akafunga rejista zote. "Kitambaa kimoja, tumekipima kwa mikono mitatu: wa mtoto, wa jitu, na wa mwizi." Hakuna aliyeuliza mwizi ni nani.

Siku hiyo agizo la kuacha kisu lilifutwa, wakakubaliana kipimo kimoja. Siku ya thelathini baada ya kutibiwa, kila mgonjwa atafuatwa nyumbani kwa maswali matatu: Iko hai? Kidonda kimefunga? Amerudia kazi yake?

"Na katika wale arobaini na mmoja," docteur akasema, "wangapi walikufa?"

"Sijui."

Hilo neno lilimchoma Philémon kuliko kicheko cha Alphonse.

"Basi utaenda kuuliza. Kwa miguu yako."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya seremala Cyprien, upande wa Walungu, juu ya kilima ambacho wanasema mbuzi hukishuka kwa makalio. Philémon alifika akihema. Virginie, mke wa Cyprien, alikuwa amekaa peke yake nje ya kizingiti. Adalbert, ndugu ya mumewe, alisimama katikati ya ua kama mwenye mji.

"Cyprien iko hai?" Philémon akauliza, ingawa kaburi alishaliona.

"Alikufa siku ileile banamuleta," Adalbert akajibu. Akaingia ndani, akatoka na billet iliyokunjwa ndani ya mkebe wa maziwa. "Banganga benyewe banaandika guéri. Muntu anapona kule lopitalo, anafika hapa, anafia mu mikono ya huyu mwanamuke. Kama haiko karuho, ni nini?"

Karuho: sumu ile ambayo kila mtu huitaja na hakuna aliyewahi kuiona. Miezi miwili hakuna aliyeonja chungu cha Virginie, na watoto wake walikuwa wamehamishiwa kwa bibi yao, mama wa Cyprien, ng'ambo ya bonde.

Virginie hakuwa amesoma. Alimtazama Philémon. "Papa, ile siku nilikulilia unipe karatasi. Uliandika nini pale?"

"Bongo, maman." Philémon alitamani migomba imfunike. "Hakupona. Nyama ilishaoza mpaka kiunoni, nikaona anakufa. Niliandika vile ili zamu afungue. Na kisha... na kisha niliacha vile, juu ilinipatia sifa."

Adalbert akaigeuzageuza billet mikononi.

"Sema na nguvu," Virginie akasema. "Bale ba nyuma ya lupango habakusikia."

Philémon akarudia kwa sauti kubwa. Vichwa vikatokea juu ya ua. Mwanamke mmoja akatua jembe.

"Tena, papa. Mama mukwe iko na masikio mabaya."

Akarudia mara ya tatu, akipaza sauti mpaka ng'ambo ya bonde. Virginie hakumshukuru. Aliinuka, akampokonya shemeji yake ile billet, akaenda njia ya kwa bibi kuwachukua watoto wake.

Philémon akafungua rejista juu ya goti. Iko hai? Hapana. Nyumba zilibaki arobaini.