Mshenga Niliyemwokota Bure

Usiku wa kuamkia leo niliota ile VPN ya bure niliyopakua, programu ya kuficha mtu anachotafuta mtandaoni, imetoka ndani ya simu na kuketi kitandani, imevaa kanzu na kofia. Ikasema yenyewe ndiyo mshenga wangu.

Sikushangaa, mshenga nilimhitaji. Nina mimba changa. Mbili za kwanza zilitoka watu walipokwisha kujua, na hii nimeapa hata mume wangu Hamdani hataijua mpaka tumbo liseme lenyewe. Lakini maswali ninayo, nayauliza mtandaoni, na intaneti ya nyumba hii ni ya shemeji, mtu asiyepitwa na jambo.

"Kamuulize daktari wa mtandaoni, natokwa na matone ya damu," nikamnong'oneza. "Shemeji asisikie."

"Hatasikia neno."

Akanivua uso, akautia mfukoni, akanivika wa mzee mmoja wa Uholanzi mwenye ndevu. Kisha akatoka.

Namfuata. Mlango wa chumbani unatokezea sokoni. Mshenga amepanda juu ya kreti la soda, ananadi kwa adabu zake zote: "Matone ya damu, mimba changa, nani anachukua?"

"Mimba ya ngapi?" unauliza mzani wa muuza dagaa.

"Ya tatu. Mbili zilitoka."

Hayo hata yeye sikuwa nimemwambia.

"Si nilipokupakua uliniapia huweki kumbukumbu ya siri za mtu?" nikamuuliza.

"Siweki, dada. Nauza zikiwa za moto."

"Nilikutuma kwa siri."

"Ulisema shemeji asisikie, na hajasikia. Lakini mshenga hutumwa mtu anayejulikana kwao. Mimi kwetu wapi? Mtoto wa nani? Nani ananilisha? Hukuuliza, umeniokota tu kwa kuwa ni bure."

Nilitaka kulia, ndevu zikaniwasha.

Nikaamka. Nikapapasa shuka, kavu. Nikamshukuru Mungu, nikachukua ndoo nikateke maji.

Uani mama mkwe alikuwa ameishika mbali na macho simu yake, nayo inakula intaneti ile ile ya shemeji.

"Mwanangu, hebu nitazamie. Tangu alfajiri inanitangazia mabeseni ya kuogeshea vichanga. Mimi na uzee huu, nimuogeshe nani?"

"Mitandao haina adabu, mama," nikasema.

Alikuwa ameiacha simu, ananitazama tumbo. Akainuka, akanipokonya ndoo, na kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani akamwita Hamdani aje ateke maji.