Shimo Namba Saba

Yakubu alikuwa mpimaji wa ardhi ya volkeno kwa miaka tisa, na miaka mitano ya mwisho alikuwa akidanganya. Si kwenye joto, la. Kipimajoto alikuwa nacho, na kukishusha kwa kamba kwenye shimo la mita moja ni kazi ya dakika chache. Uongo ulikuwa kwenye hewa. Hewa itokayo chini haionekani wala hainuki, na pasipo upepo huua. Kuipima ni kufunika shimo kwa sufuria, ndani yake kikombe cha soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, iinyonye mchana kutwa na usiku kucha, kisha uione imeongezeka uzito kiasi gani. Mwaka 1974 soda ilikoma kuletwa. Wakubwa hawakukoma kudai namba, basi Yakubu akawapa namba. Shimo hili nyingi, lile kidogo, na daftari likajaa. Nani angekufa kwa sababu ya namba?

Mwaka 1979 vita vilipofika Arua, alikimbia na mkewe Kulusum, mtoto wao wa siku tisa, na mama mkwe wake, Bi Hadijah. Walitembea kuelekea Koboko, na siku ya pili mvua ikawanyeshea. Kulusum akashikwa na homa mpaka meno yakagongana. Yakubu akawapeleka kwenye bonde la mashimo yake, akawalaza juu ukingoni, ambako ardhi ilikuwa vuguvugu tu na upepo unapita.

Asubuhi upepo ulikuwa umetulia kabisa.

"Mama, msiende kwenye mashimo," akamwambia Hadijah. "Mimi naenda barabarani kutafuta lori."

"Mashimo yote iko mbaya?"

Hapo ndipo angesema ukweli. Lakini alikuwa ametamba miaka yote mbele ya mama huyu kwamba serikali haiwezi kazi bila daftari lake. Aibu ikamziba mdomo. "Mengine," akajibu, akaondoka.

Kwa Wanubi kama wao, mwanamke aliyejifungua hufukizwa siku arobaini. Hukaa juu ya shimo la kuni za kunukia, amefunikwa blanketi, jasho limtoke, mwili urudi. Kulusum alikatishwa siku ya tisa. Sasa Hadijah alimwona mwanawe anatetemeka, na hapa kuna mashimo yamekwisha kuchimbwa, yana joto bila kuni. Aliona ni rehema. Lakini hakuwa mzembe. Alifungua kwanza daftari la mkwe wake, lililokuwa kwenye mizigo yao.

Yakubu alipata lori. Dereva alikubali kungoja kidogo, naye akarudi mbio, moyo mweupe kwa mara ya kwanza tangu Arua. Akaona blanketi limefunika shimo namba saba, limefunika mpaka kichwa. Hadijah alikuwa mbali, juu ukingoni, akimbembeleza mtoto.

Alimvuta Kulusum akambeba mpaka juu. Mwili ulikuwa na joto, na joto hilo likampa tumaini la kijinga, yeye aliyejua kuliko watu wote lilikotoka. Akampulizia pumzi mdomoni. Akampulizia mpaka macho yake mwenyewe yakaona giza. Barabarani lori lilipiga honi mara mbili, likaondoka.

Hadijah alipiga magoti karibu, mtoto kifuani, daftari wazi mkononi. Hakulia. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari mmoja.

"Alisikia baridi kichwani, nikamfunika," akasema. "Nilichagua ile iko na hewa kidogo. Soma wewe, baba. Macho yangu imezeeka. Hii si saba? Hewa yake si moja? Nimeua mtoto yangu kwa kusoma vibaya?"

Yakubu aliutazama mwandiko wake mzuri. Angeweza kunyamaza, mama angeibeba hatia hiyo mpaka kaburini, wala asingejua mtu.

"Umesoma sawa, Mama," akasema. "Hewa ya hiyo shimo sikuipima, niliandika tu."

Hadijah akaliweka daftari juu ya blanketi, akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya Koboko peke yake.